Uzamivu, Utumwa na Swali la Barira

Orodha ya kusoma niliyopewa nilipoanza uzamivu ilikuwa na majina ambayo yeyote anayesomea fikra za ufeministi katika Uislamu lazima ayakute: Fatema Mernissi wa Morocco, Leila Ahmed wa Misri, Amina Wadud wa Marekani, Asma Barlas wa Pakistani. Upande wa Afrika walikuwemo Ifi Amadiume na Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, Wanigeria wawili wanaohoji kama huyo "mwanamke" wa vitabu vya Ulaya aliwahi kuishi miongoni mwa Waigbo na Wayoruba. Chini kabisa, karibu na mapambo, waliwekwa washairi wawili wa karne ya 19, Mwana Kupona wa Siyu na Nana Asma'u wa Sokoto, kaskazini ya Nigeria ya leo. Niliipenda orodha ile. Nimekulia Unguja, nimesoma Kurani chuoni kwa maalim kabla sijapelekwa skuli, na mpaka umri ule sikuwahi kuona wanawake wa Kiislamu wamepangwa safu moja kwa sababu ya walichofikiri, pasi na kutajwa ni mke au binti wa nani.

Kozi yenyewe ilikuwa ya tamaduni na lugha za Afrika, na mimi niliomba kuandika juu ya mwanamke wa pwani na fikra za dini. Mada pana kupita kiasi. Msimamizi wangu akasema nisome kwanza, mada itajipunguza. Ikajipunguza kweli, ila kwa mlango ambao yeye wala mimi hatukuutazamia.

Nianze na Mernissi, maana ndiye aliyenifundisha kazi. Katika kitabu alichokitoa kwa Kifaransa mwaka 1987 anasimulia jinsi alivyomuuliza muuza duka wake kama mwanamke anaweza kuwaongoza Waislamu. Muuza duka akashtuka, na mteja aliyekuwa pale akakata shauri kwa hadithi: hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Mwingine angerudi nyumbani akaandika makala ya hasira. Mernissi alirudi akafungua vitabu vya kale na kumtafuta mpokezi, yaani sahaba aliyeisimulia hadithi hiyo. Akamkuta ni Abu Bakra, na kwamba aliitoa hadithi hiyo wakati wa Vita vya Ngamia, vita vya Waislamu wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 656, Bibi Aisha, mjane wa Mtume, akiwa ameshindwa, na Mtume (S.A.W.) ameshafariki zaidi ya miaka ishirini nyuma. Akakuta pia kwamba zama za Khalifa Umar mtu huyo aliwahi kupigwa mijeledi kwa ushahidi wa zinaa ambao haukutimia. Kisha akatupeleka kwa Zarkashi, mwanachuoni wa karne ya 14 aliyekusanya pahala pamoja masahihisho ya Bibi Aisha kwa masahaba. Si lazima ukubaliane naye juu ya Abu Bakra. Wanachuoni wengi hawakubaliani naye, na wana hoja zao. Kwangu lililo kubwa ni namna alivyofanya: sanadi (mlolongo wa wasimulizi), mpokezi, wakati. Alishika silaha za wenyewe.

Ndani ya kisa hicho mna jambo ambalo Mernissi analitaja na sisi semina nzima tukalipita. Abu Bakra alikuwa mtumwa. Aliteremka kutoka ngome ya Taif mji ulipozingirwa, akaja kwa Mtume, akawa huru. Tulibishana saa nzima juu ya mwanamume aliyesema neno juu ya wanawake, na hakuna aliyeuliza uhuru wa mtu yule ulikuwa na uzito gani katika kusema kwake. Sikuuliza na mimi. Jambo lenyewe lilikuja kuniamsha baadaye, nikiwa na Mwana Kupona mkononi.

Utendi wake kila mtoto wa pwani ameusikia, hata asiyejua kwamba ameusikia. Ulitungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, yule shekhe wa Siyu aliyemsumbua Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Katika semina za wazungu hugawa watu mafungu mawili. Wa kwanza husema huyu ni mama anayemfunza mwanawe utiifu, basi, hakuna zaidi. Wa pili husema la, soma vizuri, anamfunza ujanja wa kumtawala mume huku akionekana kumtumikia. Mabishano hayo ni matamu na yanaweza kujaza muhula.

Mimi nilikwama kwenye ubeti ambao mafungu yote mawili yaliuruka:

Sitangane na watumwa
illa mwida wa khuduma
watakuvutia tama
labuda nimekwambia

Usichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Basi nani alikuwa akipika katika ile nyumba ambayo binti anafundishwa kuiendesha kwa adabu? Nani alichota maji, nani alifua, nani alimpepea bwana mchana? Mwana Kupona anasema kwa lugha tukufu, anamwomba Mungu beti kwa beti, na ninaupenda utendi wake mpaka leo. Lakini anazungumza kutoka ndani ya nyumba ya waungwana, na aliyekuwa uani hakuachiwa karatasi. Sokoto ni vivyo hivyo. Nana Asma'u (1793–1864) aliandika kwa Kiarabu, Kifulfulde na Kihausa, akaanzisha 'Yan Taru, mtandao wa wanawake walimu waliokwenda vijijini na makofia yao ya ukindu kuwafunza wenzao dini majumbani. Kazi kubwa mno. Na dola aliyoihudumia ilikuwa miongoni mwa dola zilizokuwa na watumwa wengi kabisa katika Afrika ya karne ya 19.

Hapa niseme kidogo juu ya kuzisoma hati zenyewe, maana wanafunzi huniandikia kuuliza. Katika hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ba moja husimama kwa b, kwa p na kwa mb; kasra ni i au e, dhumma ni u au o, na wewe uamue kwa mizani, kwa kina na kwa lahaja. Wenzangu walikuja na digrii za Kiarabu cha magazeti, wakapata tabu mwaka mzima. Mimi nilikuja na Kiarabu cha chuoni, cha kusoma kwa sauti bila kuelewa nusu yake, na macho yangu yakazoea ukurasa kabla akili haijafika. Maana nikaja kujifunza ukubwani, kwa sarufi na jasho. Halafu utahitaji Kijerumani, upende usipende: Velten, aliyechapa maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili mwaka 1903, na Dammann, aliyekaa Lamu miaka ya 1930, waliandika utangulizi na maelezo yao kwa Kijerumani. Na ukishika hati ya Lamu, tazama nani aliiandika. Nyingi zilizofika Ulaya zilinakiliwa na Muhamadi Kijuma, kwa sababu Werner, Hichens na Dammann wote walimwagizia yeye. Mtu mmoja, fundi, msanii, mwenye ladha yake, ndiye aliyekuwa mlango wa sehemu kubwa ya tunachokiita ushairi wa kale. Kama mwagizaji alitaka tenzi za waungwana, ndizo zilizosafiri.

Sasa buibui. Siwezi kulikwepa, maana kila nilipojitambulisha kwamba nasoma mambo ya wanawake na Uislamu, swali la pili lilikuwa hilo. Siku moja semina ilihusu kitabu cha Saba Mahmood cha mwaka 2005, juu ya wanawake wa darasa za misikitini mjini Cairo. Mahmood anasema tusimpime kila mwanamke kwa kipimo cha kupinga. Kuna anayejenga nafsi yake kwa kujizoeza utiifu kwa Mungu, na huko nako ni kutenda. Nusu ya darasa wakamuunga mkono, nusu wakasema anapamba minyororo yao. Nikaulizwa mimi, mwenye mtandio kichwani, nikiwa kama mfano hai.

Nilichowajibu ni historia ya Unguja. Pwani yetu, enzi za utumwa, mjakazi hakuwa na haki ya kujifunika mbele ya waungwana. Vazi lake lilikuwa kaniki au merikani, kichwa wazi. Stara ilikuwa mali ya wenye nasaba. Baada ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa wanawake walioachwa huru walianza kununua kanga, kisha wakavaa buibui, wakapita nalo mitaani, na mabibi wa nyumba kubwa hawakufurahi hata kidogo. Kitambaa kile ambacho msomi wa leo hukiona kifungo, mwaka 1910 mwanamke wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, alikivaa kutangaza kwamba hana bwana. Laura Fair ameliandika hili kwa urefu katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Unguja baada ya utumwa, na nilipokisoma niliona aibu kidogo kwamba mambo ya mtaani kwetu nayasomea maktaba ya baridi, ng'ambo ya bahari. Semina ilinyamaza. Kisha mtu akauliza swali zuri kuliko yote ya muhula ule: je, na yule ambaye hakuwa na pesa za kununua?

Hapo ndipo mada yangu ilipojipunguza. Nikaacha kuuliza kama Uislamu wa pwani una ufeministi, swali ambalo halina mwisho na halimtii mtu mkate mdomoni, nikaanza kuuliza mwanamke aliyetoka utumwani aliitumiaje sheria ya dini yake.

Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 haikumwachia mtu huru kwa kulala na kuamka. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba. Na masuria waliachwa nje. Serikali ilisema hao ni kama wake, wasiondolewe majumbani, isipokuwa aliyethibitisha kudhulumiwa; ilisubiriwa mpaka 1909 nao wakaingizwa. Miaka kumi na miwili. Nikisikia mtu anasema utumwa wa Zanzibar ulikwisha 1897 huwa namuuliza kwa nani. Pia mtumwa aliyeachwa huru hakukatika na bwana wake. Katika fikihi, elimu ya sheria ya dini, kuna kamba inayoitwa walaa: aliyeacha huru anabaki kuwa jamaa wa kisheria wa aliyeachwa. Akifa bila warithi wa kiume wa upande wa baba, mali humwendea bwana wa zamani. Akitaka kuolewa na hana baba wala kaka aliye huru, wali wake ni yule yule.

Kecia Ali alinisaidia kuona kwa nini mambo haya yananata hivyo. Katika kitabu chake cha 2010 anaonyesha jinsi mafakihi wa karne za mwanzo walivyokuwa wakifikiri ndoa na umiliki wa mtumwa bega kwa bega, mahari ikilinganishwa na bei, talaka na kuacha huru. Hasemi mke ni mtumwa. Anasema vyombo vya kufikiria vilikuwa vimoja. Kitabu kigumu, na msomaji Mwislamu akikisoma usiku peke yake hulala vibaya. Nilikisoma hivyo.

Kisha nikarudi nyumbani kufanya utafiti. Kuhusu vibali nitasema moja tu: cha Zanzibar ni mbali na cha bara, anza mapema. Asubuhi nilikuwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, na majalada ya kesi za kadhi. Wanawake wamejaa humo. Wanadai masurufu, wanadai mahari iliyobakizwa, wanataka khuluu (talaka ya mke kujikomboa kwa mali), wanashtaki kwamba mume amesafiri na hajaacha kitu. Mbele ya majina yao yameandikwa makabila: Mnyasa, Mmanyema, Mzaramo. Ukisoma mengi unaona wanajua mlango wa kuingilia. Hakuna anayesema anaonewa kwa kuwa mwanamke. Anasema fulani ana haki yangu, na haki hiyo ina jina lake katika sheria. Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, aliliona jambo hilo hilo kwa wanawake wa miaka ya 1980: desturi humtaka mke avumilie na anyamaze, lakini ndiye anayeleta kesi, ndiye anayesimulia, na mara nyingi ndiye anayeshinda.

Alasiri nilikwenda mitaa ya Ng'ambo, kwenye darasa za akina mama. Huko kulikuwa na fomu ya ridhaa. Kamati ya maadili ya chuo ilitaka kila ninayemhoji asaini karatasi kwamba amekubali kwa hiari yake. Bibi mmoja aliishika ile karatasi kwa ncha mbili za vidole, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimefichwa, akanirudishia.

"Mwanangu, mimi nitakwambia yote unayotaka. Lakini dole gumba sitii. Kwetu karatasi ikitiwa dole gumba, nyumba huondoka."

Hakuwa akitania. Ardhi ya Ng'ambo kwa miaka mingi haikuwa ya waliojenga juu yake. Wengi walikuwa na kibanda chao na kiwanja cha mtu, au cha wakfu, wakilipa kodi ya ardhi. Walipoona imezidi, mnamo 1928 waligoma kuilipa. Watu wa aina hiyo wameona karatasi nyingi. Niliiandikia kamati, ikakubali ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, na bibi akarekodi ridhaa yake kwa hotuba iliyoanza kwa basmala na kumalizika kwa dua ya kunitakia mume mwema. Niliambatisha nakala yake kama ilivyo.

Kodi ile ya ardhi ilinifaa kwa jambo jingine. Unguja huwezi kumuuliza mtu kama wazee wake walikuwa watumwa. Ni matusi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ni siasa juu ya matusi. Lakini unaweza kumuuliza kiwanja hiki kilikuwa cha nani, na kodi ilipelekwa kwa nani, na nani aliipeleka. Mtu akianza kusimulia alivyotumwa mtoto na senti mkononi kwenda nyumba ya mawe kulipa, mengine huja yenyewe. Ushauri huu hautapewa katika kozi ya mbinu za utafiti, na kwa maoni yangu una thamani kuliko nusu ya kozi hiyo.

Ndivyo tulivyofika kwenye harusi ya bibi yake yule bibi. Nilimuuliza nani alimuozesha.

"Bwana wake."

"Bwana wake, au baba yake?"

"Nimekwambia bwana wake. Bibi yangu alikuwa huru, ana nyumba yake, ana biashara yake ya maandazi, na bado siku ya ndoa alikwenda kuitwa yule bwana aje kusema 'nimekuozesha'. Akachelewa. Watu wakakaa na pilau ikapoa." Akacheka, kisha akanitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyekariri bila kufahamu. "Nyinyi huko mnasoma wanawake wa Kiislamu. Barira mnamsoma?"

Nikasema tunamsoma Bibi Khadija, Bibi Aisha, na Khawla aliyemjadili Mtume mpaka ikateremka Sura ya Mujadila.

"Hao waungwana," akasema. "Nakuuliza Barira."

Hadithi yake imo katika Bukhari, mkusanyo mashuhuri wa hadithi za Mtume, na yule bibi aliisimulia bora kuliko mshereheshaji yeyote niliyepata kumsoma. Barira alikuwa mjakazi aliyeandikiana na mabwana zake kununua uhuru wake kwa wakia tisa za fedha, wakia moja kila mwaka. Akaenda kwa Bibi Aisha kuomba msaada. Aisha akakubali kulipa zote kwa mkupuo, ila mabwana wakataka walaa ibaki kwao. Mtume akasema walaa ni ya aliyeacha huru. Barira alikuwa na mume, Mughith, naye mtumwa. Alipopata uhuru akapewa hiari ya kubaki naye au kumwacha, akamwacha. Mughith akawa anamfuata njiani Madina analia, machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume akamhurumia, akamwambia Barira: lau ungemrudia. Barira akauliza: unaniamuru? Akajibiwa: hapana, namwombea tu. Akasema: basi sina haja naye.

Bibi alipofika hapo alirudia swali mara mbili, kwa sauti ya Barira kama anavyoisikia yeye: "Unaniamuru?" Wale akina mama waliokuwepo wakaitikia kwa mguno ule wa Kiunguja ambao hauandikiki.

Mwanamke aliyekuwa akiuzwa jana anamuuliza Mtume wa Mungu tofauti kati ya amri na ombi, anapewa jibu, anatumia jibu, na hakuna anayemlaumu. Niliporudi kwenye vitabu kumfuatilia, niliona mafakihi wamekaa naye sana, kwa sababu zao. Kwa upande mmoja hadithi yake ndiyo nguzo ya walaa, ile kamba iliyomfanya bwana wa zamani aitwe harusini Ng'ambo karne kumi na tatu baadaye. Kwa upande wa pili ndiyo dalili ya hiari ya mwanamke aliyeachwa huru. Na hiari hiyo waliipima, kila madhehebu ya sheria kwa kipimo chake. Wahanafi walisema anayo hata kama mumewe ni mtu huru. Mashafi, Wamaliki na Wahanbali wakasema anayo ikiwa mume bado ni mtumwa tu, maana hapo amempita daraja. Pwani yetu Masunni ni Mashafi. Kwa hiyo kamba ilifika kwetu nzima, na hiari ilifika imepunguzwa. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu hilo tu, na niliiandika haraka kuliko zote.

Lawama zilikuja kutoka kote. Msomaji mmoja wa rasimu, msomi wa Ulaya, aliandika pembeni kwamba hii ni teolojia na haina nafasi katika idara ya tamaduni za Afrika, kana kwamba Bukhari hajapata kusomwa Afrika. Nyumbani maalim mmoja ninayemheshimu aliniuliza kwa upole: "Binti yangu, utumwa umekwisha, unaufukulia nini?" Sikumjibu siku ile, nilimwamkia nikaondoka. Jibu langu ni kwamba wanaoupenda ufeministi na wanaouchukia, wote hupenda kuanza na Bibi Khadija, mfanyabiashara, mwenye mali, aliyemposa Mtume. Ni kweli na ni fahari yetu. Lakini hoja inayoanzia kwa mwenye mali humfaa zaidi mwenye mali. Binti wa kazi za ndani anayelala jikoni mjini leo, ambaye mshahara wake hupokelewa na mtu mwingine, atajiona wapi?

Siti binti Saad angenielewa. Alizaliwa Fumba, katika ukoo wa watumwa, akauza vyungu mjini kabla ya kuuza sauti yake, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi taarab. Katika nyimbo zake umo mmoja juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na mahakama ikawatia hatiani wengine. Huo ni uchambuzi wa sheria ulioimbwa Ng'ambo kwa Kiswahili, ukaeleweka na kila mtu. Katika orodha yangu ya kwanza hakuwemo. Sasa yumo katika orodha ninazowapa wengine, kabla ya Wadud, na Wadud mwenyewe, ambaye amejitaja kuwa mzao wa watumwa wa Marekani, sidhani atakasirika.

Nilipomaliza rasimu ya sura ile niliifupisha kwa Kiswahili, nikaenda kuisoma kwenye darasa ya alasiri. Chuo hakikudai hivyo. Nilitaka tu kujua kama itasimama mbele ya watu wanaomjua Barira tangu utotoni. Wakasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha wakaanza kuichambua. Mmoja akasema nimemsifu Barira mno na Bibi Aisha nimempita mbio, na bila Aisha Barira angekuwa bado anahesabu wakia. Mwingine akasema Mughith naye ni mtu, nimemfanya kichekesho. Yule bibi wa dole gumba alingoja wote wamalize.

"Umeandika hiari, umeandika walaa. Pesa hukuandika."

Nikamwambia nimeandika, wakia tisa.

"Hizo za Madina. Bibi yangu na wenziwe walizipata wapi zao? Nani aliwapa kazi, kwa kiasi gani, na nani alikaa nazo mpaka zikatimia?"

Majalada ya Kilimani yana majibu kadhaa, nikiyasoma upya kwa ajili ya pesa na kuweka kando ndoa: deni la karafuu zilizochumwa na hazikulipwa, ujira wa kuchota maji, bangili ya fedha iliyowekwa rehani kwa Mhindi, amana aliyoachiwa jirani naye akaikana. Yamo ndani ya kesi za talaka, yametajwa kwa sentensi moja moja na kupitwa. Nimeanza kuyaorodhesha, na sura ya tatu imefunguliwa tena.